"Kichwa yake haiko muzuri": afya ya mtu aliyetoboa siri ya kazini

Lubumbashi ni mji mkubwa, lakini habari ya mtu aliyetoboa siri ya kazini haichukui siku mbili kufika mtaani Katuba. Wiki ya kwanza watu wanauliza alisema nini. Wiki ya tatu wanauliza ana nini. "Uyu kichwa yake haiko muzuri," mmoja anasema mezani, na mwingine anakumbuka ghafla kwamba hata shangazi yake upande wa mama alikuwa hivyo hivyo. Tangu hapo karatasi alizoonyesha hazizungumzwi tena. Kinachozungumzwa ni usingizi wake, mikono inayotetemeka, suruali iliyoanza kumpwaya.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba mara nyingi anaumwa kweli. Amekonda, anarudia hadithi ileile, anageuka nyuma akisikia pikipiki ikipunguza mwendo. Wale wa mezani hawajabuni dalili. Walichogeuza ni mpangilio: wameweka ugonjwa mbele na neno nyuma, kana kwamba alisema kwa sababu anaumwa. Ukishageuza hivyo, hata nambari alizokuwa nazo zinaanza kuonekana kama homa.

Hata majina tunayompa yana sumu yake. Vitabuni ataitwa mtoa taarifa au mfichua maovu. Mtaani ni mtoboa siri, na akikosa bahati ni mchongezi. Neno "kutoboa" nimelitafakari mara nyingi. Pipa likitobolewa likavuja, anayelaumiwa ni mwenye msumari. Hakuna anayeuliza ndani ya pipa kulikuwa na nini.

Hesabu za madaktari

Mwaka 1993 daktari wa Australia, Jean Lennane, alichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, uchunguzi wa watu 35 waliokuwa wamefichua ufisadi au hatari kwa umma kutoka makazini mwao. Wengine walikuwa wamesema miezi michache tu iliyopita, wengine zaidi ya miaka 20. Wote 35 walikuwa wameumizwa kwa namna moja au nyingine. Wanane walifukuzwa, kumi walishushwa cheo, kumi waliacha kazi au kustaafu mapema kwa sababu afya ilikuwa imevunjika. Watu 29 walikuwa na dalili za msongo, kwa wastani zaidi ya tano kila mmoja, na nyingi ya dalili hizo zilikuwa bado zipo walipohojiwa. Watu 15 walikuwa wameandikiwa dawa za muda mrefu ambazo hawakuwa wakizitumia kabla. Watu 17, yaani karibu nusu, walikuwa wamefikiria kujiua.

Miaka mingi baadaye, Uholanzi, Peter van der Velden wa Chuo Kikuu cha Tilburg na wenzake walipima watoa taarifa 27. Karibu asilimia 85 walikuwa na wasiwasi mkali, huzuni nzito, kutoamini watu, hofu ya kutoka nje au usingizi uliovurugika. Asilimia 48 walifikia kile kiwango ambacho daktari hasemi tena "pumzika utapona", anaanza matibabu.

Idadi hizi ni ndogo, na hawa si watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Aliyesema akapongezwa na kupandishwa cheo hana sababu ya kujaza fomu za daktari. Kwa hiyo nambari hizi hazisemi kila anayefungua mdomo ataugua. Zinasema kwamba walioumizwa wanaumwa kwa namna inayofanana mno, awe muuguzi au mhasibu.

Katika kazi ya Lennane kuna nambari moja ambayo ningependa kila shefu wa biro aisome. Watu 29 kati ya 35 waliona mateso yakianza mara tu baada ya lalamiko lao la kwanza, na lalamiko hilo lilikuwa la ndani, kwa wakubwa wao wenyewe. Ni 17 tu waliowahi kwenda kwa waandishi wa habari. Tunapenda kusema "angeanza kwa kuongea ndani." Wengi walianza ndani, na hapo ndani ndipo walipovunjwa.

Madaftari mawili

Nitamtumia mtu mmoja wa kubuni, niliyemshona kwa vipande vya maongezi ya miaka mingi. Tuseme anapima maji katika kampuni ya madini nje kidogo ya mji. Kila asubuhi anachukua chupa tatu kwenye mfereji unaotoka kiwandani, anapima, anaandika katika daftari. Daftari linasema pH, yaani kipimo cha asidi, ni 4. Mwisho wa mwezi ripoti inayotumwa serikalini inasema 7. Kwa asiyejua kipimo hiki, 4 na 7 zinaonekana kama majirani. Sivyo: kila nambari ni mara kumi ya ile inayofuata, kwa hiyo maji ya 4 yana asidi mara 1,000 kuliko maji ya 7. Mtu wetu anajua hesabu hiyo. Anajua pia kwamba mfereji unaingia mtoni, na kwamba dada yake analima lengalenga (mchicha) kando ya mto huohuo, anazimwagilia kwa ndoo, anaziuza katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini.

Na sahihi iliyo chini ya ripoti ni yake.

Hapa inabidi nijikosoe. Nimesema ugonjwa unafuata neno, na kwa sehemu kubwa ni hivyo. Lakini ukimwuliza mtu wa aina hii polepole, bila kumkatiza, utasikia kwamba usingizi ulianza kukatika zamani, katika ile miezi ya kusaini. Alikuwa akila bukari (ugali) nyumbani kwa dada yake, sahani ya lengalenga katikati ya meza, na tonge halishuki. Hakuwa ametishwa na mtu yeyote. Wataalamu wanaliita jeraha la dhamiri. Daktari wa akili wa Marekani, Jonathan Shay, aliliona kwa wanajeshi waliotoka vita vya Vietnam: mbali na hofu ya kufa, walikuwa wakiteswa na kitu walichokifanya, au walichokiona kikifanywa na wale waliowaamini, kinyume na walichojua kuwa haki. Hofu inasema "nitaumizwa." Jeraha la dhamiri linasema "nimeumiza." Dawa ya usingizi haigusi sentensi ya pili.

Hivyo kuna magonjwa mawili, moja la kunyamaza na jingine la kusema, na mtu yuleyule anaweza kuyabeba yote. Wengi wanasimulia kwamba siku waliyosema walilala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kisha likaja la pili.

Kiti kitupu kwenye basi

La pili halianzi kwa kishindo. Linaanza kwenye basi la kampuni, saa kumi na moja alfajiri, wakati watu wanapanda huku bado wana usingizi na kiti kilicho kando yake kinabaki kitupu mpaka langoni. Kesho yake ni hivyo tena. Baadaye inakuja barua ya kuombwa maelezo, ile yenye saa 48 za kujibu, kuhusu kuchelewa kwa siku ambayo hakuchelewa. Kisha funguo za maabara zinabadilishwa. Kisha anahamishiwa chumba kisicho na kompyuta, anakaa kuanzia asubuhi hadi jioni bila kazi, na mshahara unaingia kama kawaida. Akisimulia, kila jambo peke yake ni dogo. Mke wake anamwambia, "Baba, hata mie pale sokoni batu hawanisalimiaka siku zingine." Ni kweli. Lakini yeye hapimi kitu kimoja kimoja, anapima jumla.

Kutengwa si jambo la hisia tu. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake walichapisha katika jarida la Science jaribio lililokuwa jepesi kupita kiasi: mtu amelala ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, anacheza mchezo wa kurushiana mpira kwenye skrini, halafu wachezaji wengine wanaacha kumrushia. Basi. Sehemu moja ya ubongo inayoamka mwili ukiumia iliamka na hapo. Ikiwa mpira wa kwenye skrini unafanya hivyo kwa dakika chache, sijui tutarajie nini kutoka kwa kiti cha basi kwa miezi minane.

Tuingie mwilini kidogo. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo. Ukitishwa, zinatoa adrenalini, moyo unakwenda mbio, damu inaelekea kwenye misuli. Nyuma yake inakuja kotisoli, inayofungua ghala la sukari ili usiishiwe nguvu. Mpango huu ni mzuri sana kwa mtu anayekimbizwa na mbwa. Umepangwa kuisha. Mbwa anakamatwa au wewe unaruka ukuta, na tezi zinatulia.

Barua ya saa 48 haina ukuta wa kuruka. Inajibiwa, inafuatwa na ukimya wa wiki tatu, kisha inakuja nyingine. Tishio lisilojulikana litafika lini linauchosha mwili kuliko lile lenye tarehe, kwa sababu hakuna saa ambayo mwili unaruhusiwa kulegea. Tezi zinabaki kazini. Tansiyo, yaani shinikizo la damu, inapanda, 14 kwa 9 (wengine huandika 140 kwa 90) na zaidi, ambacho ndicho kiwango daktari anaanza kukunja uso. Sukari inasumbua kwa wale ambao tayari ilikuwa karibu. Tumbo linaungua, shingo inakuwa ngumu, mafua hayaishi. Usingizi unakatika saa tisa usiku, na hapo kichwa kinaanza kusoma barua zote upya, kwa sauti.

Ndiyo maana wagonjwa wengi wa aina hii hawaendi kwa daktari wa akili. Wanakwenda kwa tumbo, kwa kichwa, kwa "mawazo mingi". Wanapewa dawa ya minyoo na ya malaria, maana katika mji wetu kila safari ya zahanati inaanzia hapo.

Kisha kuna swali la shaka. Mtu wetu ameacha kupokea simu zisizo na jina, anabadilisha njia ya kurudi nyumbani, hataki kunywa kitu kilichofunguliwa na mwingine. Je, huo ni wazimu? Hapa daktari aliyesomea vitabu vya nchi tulivu anaweza kukosea vibaya. Katika nchi ambamo watu wa namna yake wameuawa, sehemu ya hofu hiyo ni akili timamu. Ninachoangalia mimi, na nimesikia wauguzi wazoefu wakisema hivyo pia, ni kama hofu bado ina mipaka. Anayeogopa gari fulani, watu fulani, saa fulani, anahesabu hatari. Anayeanza kumwogopa mama yake na mtangazaji wa redio amefika mahali pengine, na anahitaji tiba haraka, bila hilo kubadilisha chochote kuhusu ukweli wa daftari lake. Mtu anaweza kuwa mgonjwa na kuwa na nambari sahihi kwa wakati mmoja. Sentensi hiyo ingefaa ibandikwe kwenye milango ya mahakama.

Daktari ni wa nani?

Nadhani sehemu ambayo watu wa nje hawaielewi ni hii.

Katika Kongo, mfanyakazi mwenye mkataba anatibiwa kwa gharama ya mwajiri, yeye na familia yake. Ndivyo Kanuni ya Kazi ya 2002 inavyotaka, na ni jambo jema. Lakini mweke mtu wetu ndani ya mpango huo. Hajalala wiki tatu. Zahanati yake ni ya kampuni. Daktari analipwa na kampuni, faili linakaa kwenye kabati la kampuni, na mapokezi yupo binamu wa mkuu wa utumishi. Akieleza ukweli, karatasi yenye maneno "wasiwasi" na "huzuni" inaingia katika jengo lilelile linalotafuta sababu ya kusema hafai. Akinyamaza, anarudi na paracetamol. Wengi wanachagua paracetamol.

Akifukuzwa, siku hiyohiyo anapoteza mshahara na daktari. Watoto wanapoteza daktari. Mama yake mwenye kisukari, aliyekuwa akipata dawa kwa jina la mwanawe, anapoteza daktari. Ugonjwa unafika kileleni katika wiki ileile ambayo mlango wa hospitali unafungwa.

Nimekulia katika mji ambao Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, iliwapa watu nyumba, shule, hospitali na mposho wa unga. Kazi haikuwa mahali unapokwenda asubuhi, ilikuwa ukoo wa pili. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ule mpango wa "kuondoka kwa hiari" uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na kila mtu wa rika langu anajua nyumba ambamo baba alikaa kwenye kiti barazani akitazama barabara mpaka akafa. Hawakuwa wametoboa siri yoyote. Ndiyo sababu mji huu unaogopa. Mtu anaposema kampuni inamwaga asidi, jirani hasikii neno asidi, anasikia kampuni itafungwa. "Unataka tukule nini?" Swali hilo linamuuma kuliko barua zote za shefu, kwa kuwa linatoka kwa watu aliodhani anawatetea, na kwa kuwa ni swali halali.

Nyumbani

Katika uchunguzi wa Lennane, wale 30 waliokuwa na watoto walikuwa na watoto 77. Kati yao 60 waliathirika. Sijaona nambari nyingine katika somo hili inayonikaa kichwani hivyo. Uhusiano wa muda mrefu ulivunjika mara saba, na watu 14 mapato yao yalishuka kwa robo tatu au zaidi.

Kwetu robo tatu inaanza na minervali, yaani karo ya shule. Mtoto anarudishwa nyumbani kwa kuwa hajalipiwa, anamkuta baba yupo, na baba hajawahi kuwapo saa nne asubuhi. Hakuna anayemweleza. Mtoto asiyeelezwa hujitafutia maelezo, na mara nyingi anajipata yeye ndiye kosa. Sentensi mbili zinatosha: baba aliona jambo baya kazini, akalisema, sasa wamemkasirikia, si wewe. Wazazi wengi wanaona aibu kusema hata hizo mbili.

Ukoo nao una maelezo yake. Atakuwapo mjomba wa kusema amerogwa, na atakuwapo mchungaji wa kumfungisha siku tatu. Sitawacheka. Maombi yanampa mtu pa kukaa kati ya watu wasiomkimbia, na hilo peke yake lina uzito wa dawa. Ninachopinga ni pale anapofundishwa kwamba pepo aliingia siku aliposema, maana hapo kanisa linamaliza kazi iliyoanzwa na shefu.

Kuna pia lutuku, pombe kali ya kienyeji. Kikombe cha jioni kinaleta usingizi upesi, halafu kinauvunja katikati ya usiku, na saa tisa inafika mapema zaidi. Na kuna diazepamu, dawa ya kutuliza, ambayo katika famasi nyingi haihitaji karatasi ya daktari. Wiki ya kwanza ni muujiza. Baada ya wiki chache mwili umeizoea, kidonge kimoja hakitoshi, na ukiiacha ghafla wasiwasi unarudi na ndugu zake. Mtu anayetakiwa kukumbuka tarehe mbele ya hakimu hapaswi kuwa na ukungu huo kichwani.

Wenye majina

Nchi yetu ina watu wanaojulikana kwa jambo hili. Mwaka 2016 Jean-Jacques Lumumba, aliyekuwa mfanyakazi wa benki Kinshasa, alitoa nyaraka kwa gazeti la Ubelgiji na tangu hapo akaishi uhamishoni. Gradi Koko na Navy Malela, nao wa benki, walitoa ushahidi juu ya fedha zilizokuwa zikipita kinyume na vikwazo vya Marekani. Shirika la PPLAAF, lililoanzishwa mwaka 2017 Dakar kwa ajili ya kuwalinda watoa taarifa wa Afrika, lilishirikiana na shirika la uchunguzi la Global Witness kuchapisha ripoti juu ya ushahidi huo Julai 2020. Septemba mwaka huo mahakama ya Kinshasa iliwahukumu kifo Koko na Malela, wao wakiwa Ulaya. Hukumu ilikuja kujulikana hadharani Februari 2021.

Hukumu ya namna hiyo inafanya nini mwilini mwa mtu anayeishi mbali na hakimu? Watu walikuwa wakisema hizo ni karatasi tu, kwa sababu tangu 2003 Kongo ilikuwa imesitisha kunyonga. Machi 2024 serikali iliuondoa usitishaji huo. Kwa anayesoma habari hiyo akiwa na karatasi ya aina ile, tezi za juu ya figo hazijui umbali wa kilomita.

Na Goma kulikuwa na Floribert Bwana Chui. Alifanya kazi OCC, ofisi inayokagua bidhaa mpakani, na alikataa rushwa ili kupitisha chakula kilichoharibika. Alitekwa Julai 2007, akauawa akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri, Roma. Nilifurahi kama wengine. Lakini niliondoka ibadani na wazo ambalo halijanitoka: aliyekufa tunajua la kumfanyia. Tuna nyimbo, tuna picha ya kubandika. Yule aliye hai, mwenye madeni, mwenye hasira, anayerudia hadithi yake mara ya arobaini huku chai ikipoa, hatujui tumweke wapi.

Sheria haijamwacha kabisa. Kanuni ya Kazi, kifungu cha 62, inasema kumshtaki mwajiri kwa kuvunja sheria si sababu halali ya kufukuzwa. Mwaka 2023 ilikuja sheria ya kuwalinda watetezi wa haki za binadamu. Lakini kesi ya kazi inaweza kuchukua miaka, na mwili hauhesabu kwa kalenda ya mahakama.

Kinachosaidia

Dawa zipo na zinafanya kazi. Za huzuni nzito zinahitaji wiki kadhaa kabla hazijaonekana, na wengi wanaziacha siku ya kumi wakisema hazifai. Za tansiyo zinamezwa hata siku ambayo kichwa hakiumi. Kuongea na mtu aliyesomea, kwa mpangilio, wiki baada ya wiki, kunasaidia ndoto na kushtuka. Lubumbashi tuna kituo cha magonjwa ya akili cha Mabruda wa Upendo, chenye jina la daktari Joseph Guislain, na tuna hospitali ya Sendwe na kliniki za chuo kikuu. Aibu ya kuonekana kwenye lango la Guislain ninaijua. Anayeiogopa anaweza kuanza kwa daktari wa kawaida, mradi asiwe wa kampuni, na aseme wazi: silali, na nina sababu.

Wakati huohuo, nje ya chumba cha daktari, kuna mambo mengine yenye nguvu ya kutibu. Kuandika tarehe zote mahali pamoja, mara moja, na nakala kwa avoka (wakili), kunaupumzisha ubongo uliokuwa unajilazimisha kukumbuka kila kitu usiku. Kuwa na watu wawili au watatu wa kuongea nao, badala ya mke peke yake, kunaokoa ndoa. Mtu wa kumlipia mtoto muhula mmoja anashusha tansiyo, na sisemi kwa mzaha. Na kuaminiwa. Huhitaji kukubali kila neno lake. Unaweza kumwambia, "Yaya (kaka), karatasi sijazisoma zote, lakini najua haukuwa hivi mbele ya haya mambo." Sentensi hiyo inarudisha mpangilio uliogeuzwa.

Akianza kugawa vitu vyake, au kusema kwamba watu watapumzika asipokuwapo, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandi wazo. Kisha usimwache peke yake, na mwende hospitali pamoja, hata kama ni usiku.

Yule mtu wetu wa kupima maji alikwenda mwezi wa tisa. Daktari, mama mmoja mwenye haraka, hakumwuliza kwa nini alisema. Alimpima, akaona 16 kwa 10, akampa dawa na kumwambia anunue daftari, aandike tansiyo asubuhi na jioni kabla ya kula, arudi nalo baada ya siku 14. Mtu wetu alicheka, kwa mara ya kwanza katika chumba hicho, akasema madaftari ndiyo kazi yake. Ameliandika kwa mstari ulionyooka, tarehe kushoto, nambari kulia, bila kuruka siku. Siku ya tisa jioni ni 14 kwa 9. Siku ya kumi na mbili asubuhi ni 15 tena, na pembeni ameandika kwa herufi ndogo: barua. Ukurasa wa nyuma mke wake ameweka hesabu ya minervali iliyobaki.